Taa Isizimwe kwa Mbali

Siku ya Ijumaa Kitinda alilazwa hospitalini akiwa mzima wa afya kabisa. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda, wala hakugongwa na kitu chochote. Alivalishwa gauni la wagonjwa, lile linalofungwa mgongoni kwa kamba zisizofikiana, akapandishwa kitandani na vyuma vya pembeni vikainuliwa. Kabla ya hapo alikuwa ameshanyweshwa jagi zima la maji kwa amri ya bosi wake, na amri ya pili ilikuwa kwamba asithubutu kushuka kwenda msalani bila kuletewa mtu. Ukimwona bosi wa namna hiyo utasema huyu hamnazo. Lakini ndiyo ilikuwa kazi yao.

Niwaeleze basi. Kampuni yao, kama kweli watu watatu ni kampuni, ilikuwa inatengeneza kengele za wagonjwa. Ni kile kitufe kinachoning'inia kando ya mto: ukikibonyeza, taa nyekundu inawaka ukutani juu ya kitanda chako, na kule kwenye meza ya manesi inatokea namba ya kitanda. Bosi aliianzisha baada ya kuvunjika nyonga na kulala wiki nyingi akibonyeza kitufe kisichofanya kazi. Mpaka leo anatembea kwa gongo, na mpaka leo hajasamehe. Ndiyo maana aliweka sheria moja isiyo na mjadala: mtu akigusa programu ya kengele, hata mstari mmoja, yeye mwenyewe atakwenda kulala wodini mchana kutwa, ashikwe na haja ya kweli, abonyeze, asubiri kama wagonjwa wanavyosubiri. Simu yake anaiacha kwa bosi. Mgonjwa, alikuwa akisema, hana namba ya fundi.

Mhandisi wa programu pale ofisini alikuwa mmoja tu, Kitinda huyuhuyu. Jina alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yake, likamganda mpaka kazini. Mtu wa tatu alikuwa fundi wa nyaya, ambaye maisha yake yote yalikuwa juu ya ngazi, kichwa kikiwa ndani ya dari la hospitali fulani, kwa hiyo ofisini alionekana kwa nadra sana.

Sasa, Ijumaa hiyo kulikuwa na jambo lingine. Ile Kampuni Kubwa, ile ambayo kila kijana anayesoma kompyuta anaiota, ilikuwa imemwita Kitinda kazini. Jibu lilitakiwa kabla ya ofisi kufungwa jioni ileile. Naye alikuwa ameshaamua: anakwenda. Kulala kitandani pale ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kwenye kengele. Akimaliza atadai simu yake, ataandika kwamba amekubali, atafunga virago. Bosi alikuwa ameshaambiwa, na aliitikia shingo upande.

Na msije mkadhani alifuata jina kubwa au ofisi ya vioo. Alimfuata dada yake. Wale walikuwa wawili tu kwa mama yao, na utotoni walilala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimlalamikia mwenzake kwa kuvuta shuka. Wakasoma shule moja, kisha chuo kimoja, kozi moja, wakakubaliana kwamba watafanya kazi mahali pamoja mpaka wazeeke. Dada akamaliza kwanza, Kampuni Kubwa ikamchukua, akaenda zake mbali. Kitinda alipomaliza akapata kazi ya kengele, akaichukua kama kazi ya kujishikiza tu. Kujishikiza kukawa miaka.

Kwa nini alibaki miaka yote hiyo, yeye mwenyewe hakuweza kueleza vizuri. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ukutani kulikuwa na ubao mrefu uliofungwa vitufe na taa, na mchana kutwa Kitinda alikuwa akibadilisha programu, akibonyeza, akitazama taa zikiwaka na kuzimika. Asubuhi alizisalimia zile taa, na msicheke, maana kulikuwa hakuna mwingine wa kumsalimia. Bosi alikuwa kwenye mahospitali akibembeleza wateja, fundi yuko darini. Chakula cha mchana alikula akiutazama ubao. Wenzake aliosoma nao walipomuuliza kama bado yuko kwenye kengele, walitia neno "bado" uzito wote wa dunia, na yeye akacheka nao, kisha akarudi nyumbani roho ikimuuma.

Mama naye alikuwa amewaambia majirani kwamba binti anafanya kazi hospitali. Basi kila Kitinda akienda kumwamkia mama, anakuta watu wamejipanga sebuleni na magoti yao na vikohozi vyao. Mwanzoni alijitahidi kueleza kwamba yeye ni mtu wa kompyuta. Alipoona haeleweki aliacha, akawa anawaambia wapunguze chumvi.

Dada alikuwa akimwandikia karibu kila siku. Leo nimekula peke yangu tena. Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, hapa hakuna anayejua. Hapa tuko watu maelfu, lakini hakuna hata mmoja anayejua nyumbani naitwaje. Kitinda alikuwa anazisoma zote. Lakini aandike nini? Akimwambia pole, pole haitoshi. Akimwambia na mimi nimekula peke yangu, itakuwa kama wanashindana. Kwa hiyo alimrudishia dole gumba, kile kijipicha cha kidole kilichoinuliwa, maana yake nimeona, tuko pamoja. Akaona amejibu. Baada ya muda ikawa mazoea.

Tuje kwenye kile alichokuwa amekibadilisha. Manesi walikuwa wamelalamika, na walikuwa na haki. Wodi ni ndefu, wao ni wachache, na taa ya kitandani ilizimwa kwa njia moja tu: uende mpaka kwa mgonjwa ubonyeze kitufe cha ukutani. Unakwenda, unakuta anataka kuuliza saa. Unarudi, unaitwa tena. Nesi mkuu, mama mmoja asiyepindisha maneno, aliuliza kama haiwezekani taa izimwe palepale mezani, nesi akishaona namba. Kitinda akasema inawezekana sana. Akaitengeneza kwa siku chache, nadhifu kabisa, ikawekwa kwa majaribio kwenye wodi ile tangu mwanzo wa wiki. Manesi wakamshukuru. Bosi akaguna, akasema tutaona ukilala.

Ndiyo hivyo akawa amelala.

Alipobonyeza mara ya kwanza nesi alikuja upesi, akamshusha, akampeleka msalani, akamrudisha. Kitinda akajisikia vizuri, akasema moyoni naam, naondoka nikiwa nimeacha kitu safi. Kwenye kitanda cha jirani, upande wa dirisha, kulikuwa na bibi mwembamba aliyefunikwa shuka mpaka kidevuni. Walikuwa wamesalimiana asubuhi, shikamoo na marahaba, na bibi akamuuliza anaumwa nini. Kitinda akasema wanamchunguza. Bibi akasema na yeye walianza hivyohivyo.

Mchana wodi ikachafuka. Mgonjwa mmoja upande wa mlangoni alianza kutapika, mwingine akaletwa kwa haraka na kitanda cha magurudumu, na yale maji ya jagi yakaanza kudai haki yake kwa mara ya pili. Kitinda akabonyeza. Taa ikawaka juu ya kichwa chake. Akatulia. Punde taa ikazimika, na hakuna aliyekuja.

Alijua hasa kilichotokea. Aliijua ile hatua kwa herufi zake, maana ni yeye aliyeiandika: nesi ameona namba, ameigusa kwenye skrini, kengele imenyamaza. Hakuna kilichoharibika. Akabonyeza tena. Taa ikawaka, ikazimika. Akageuza shingo kutazama mlangoni. Akabonyeza tena.

Mtu ukiwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe huwezi kujua jambo hili. Taa ikikaa inawaka, hata kama hakuna anayekuja, una tumaini; ipo pale, inakusemea. Lakini ikizimwa na mtu usiyemwona, ni kama umeambiwa basi inatosha. Kitinda, mtu mzima, mhandisi, mwenye kazi inayomsubiri kwenye Kampuni Kubwa, alijikuta machozi yanamlengalenga kwa sababu ya taa aliyoitengeneza mwenyewe. Akajikaza kisabuni. Haja nayo ikazidi kumkaba.

Yule bibi alikuwa anamtazama.

"Usihangaike, mjukuu wangu," akasema. "Ikizimika ina maana wamekuona. Wamekuona, ila hawaji."

Kitinda akamuuliza yeye huwa anafanyaje. Bibi akasema siku hizi habonyezi kabisa. Zamani, yaani wiki iliyopita, alikuwa anabonyeza hata kama hana shida, na akalisema hilo bila aibu. Nesi alikuwa anafika, ananuna, anamrekebishia pazia, anaondoka, na yeye akapata cha kufikiria saa nzima: yule aliyenuna, yule mwenye mikono baridi, yule anayeimba kwa pua. Tangu waweke hiki kitu kipya amebonyeza mara chache akaacha. Kwake alikuwa hana mtu tangu mumewe afariki, akasema, na hilo ameshalizoea. Ila pale hospitali alikuwa hajalizoea bado.

Kitinda akalala chali akitazama dari. Kilichomjia kichwani hakikuwa programu. Zilimjia zile meseji. Leo nimekula peke yangu tena: dole gumba. Leo ni siku yangu ya kuzaliwa: hiyo alipiga simu, lakini kesho yake. Nimeumwa, ila nimepona: dole gumba. Moja baada ya nyingine alikuwa amezizima akiwa mezani kwake, na kila mara aliona amefanya la maana. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Nesi alifika baadaye akihema, aproni imelowa. Hakuwa mvivu, wala hakuwa na roho mbaya, na mtu asinilishe maneno hapa. Alikuwa ameshika kichwa cha mtu anayetapika. Akasema aliiona namba mara zote, akaizima akijua anakuja, kisha hili likamvuta na lile likamvuta, na taa ikiwa imezimika ni rahisi mtu kusahau. Akamshusha Kitinda kwa wakati, namshukuru Mungu kwa hilo. Wakiwa njiani kwenda msalani akaongeza kwamba kitu hicho kipya kimewaokolea miguu, wasije wakakiondoa.

Jua lilipoanza kushuka bosi akaja na gongo lake, na simu ya Kitinda kwenye mfuko wa shati. Kitinda alikuwa ameshavaa nguo zake. Akamwambia bosi pale koridoni kwamba taa isizimwe kwa mbali, mwisho wa habari. Nesi akigusa mezani taa ibadilike rangi, iwe ya njano, mgonjwa ajue ameonekana, lakini iendelee kuwaka mpaka mtu afike kwa miguu na kuizima kitandani. Bosi akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Sawa," akasema. "Nani atafanya hivyo?"

Wote wawili walijua kwamba nafasi yake ilishatangazwa na hakuna aliyeomba. Vijana walikuja kuulizia, wakaona ngazi zinazopita juu ya magodoro, wakala kona. Bosi akasema yeye aondoke tu kwa amani, aeleze kilichoharibika, na siku akipatikana mtu atatengeneza. Kwa sasa watarudisha ile programu ya zamani, manesi watalalamika, na mwisho hospitali itatafuta wengine watakaokubali taa izimwe mezani. Hakusema kwa kumlaumu. Angemlaumu ingekuwa rahisi zaidi. Akampa simu, akaondoka taratibu, gongo likigonga sakafu.

Kwenye simu dada alikuwa ameandika meseji mfululizo. Umeshajibu? Bado? Muda unakwisha, mdogo wangu. Kitinda akaandika "Nisamehe, dada, siji," akaifuta. Akaona kwamba hilo nalo litakuwa kuzima kwa mbali. Akapiga moyo konde, akampigia.

"Nimeshakutandikia," dada yake akasema kabla hata ya salamu. "Nimenunua godoro la pili, nimeliweka dirishani. Wewe huwezi kulala bila hewa."

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi wakicheka.

"Dada, siji."

Zile sauti za nyuma ziliendelea kucheka, zikafifia, mlango ukafungwa. Dada alikuwa ametoka mahali alipokuwa. Akauliza ni kwa nini, na Kitinda akamweleza yote: jagi la maji, taa iliyozimika, bibi wa dirishani ambaye ameacha kubonyeza, nafasi ambayo hakuna anayeitaka. Akasema akiondoka leo, mwisho wake wataletwa wengine na taa zile zitazimwa mezani vilevile. Dada akasema kengele anaweza kuitengeneza mtu yeyote. Kitinda akasema kweli, mtu yeyote anaweza, ila hajaja.

"Kwa hiyo bibi usiyemjua hata jina akibonyeza, unabaki," dada akasema. "Mimi nimebonyeza miaka yote hii, ukawa unanipa dole gumba."

Kila alichotaka Kitinda kusema kilikuwa kweli na kilikuwa hakifai. Akasema nisamehe, dada. Dada akasema hamna shida, kwa ile sauti ya mtu anayesema hamna shida na shida ipo palepale imekaa kitako, kisha akasema ana mkutano. Muda wa kujibu Kampuni Kubwa ukapita Kitinda akiwa ameketi kwenye benchi la koridoni, mkoba mapajani, watu wakimpita wakidhani amefiwa.

Jumamosi na Jumapili aliutumia ubao wa ofisini bila kupumzika, duka la magodoro likiwa limefungwa chini na jengo zima liko kimya. Ile programu ikamtii. Taa zikawaka nyekundu, akigusa skrini zinageuka njano, lakini kuzimika hazizimiki mpaka ainuke kwenye kiti, aende ubaoni, abonyeze kwa kidole chake. Aliinuka na kukaa mpaka mapaja yakamuuma. Katikati ya kazi alimwandikia dada yake meseji ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Alimtajia zile meseji alizozizima moja moja, kadiri alivyozikumbuka. Akamwambia atakuja, si kwa kazi, kwa likizo, ampokee, na lile godoro asiliuze. Jibu halikuja.

Jumatatu asubuhi programu mpya ikawekwa wodini. Nesi mkuu alikunja uso, akasema mwisho wa mwezi miguu yake watailipa wao, lakini hakukataa. Kitinda, akiwa na nguo zake safari hii, akaenda kwa bibi wa dirishani, akamwomba ajaribu kubonyeza. Bibi akasema hana shida yoyote. Kitinda akasema hata hivyo. Basi bibi akatoa mkono mwembamba chini ya shuka, akabonyeza kama mtu anayegusa pasi ya nguo aone kama ina moto, na taa ikawaka nyekundu. Ikawa njano. Bibi akaikodolea macho akisubiri izimike. Haikuzimika. Iliendelea kuwaka mpaka nesi akafika, yule mwenye aproni, amenuna kisawasawa, akaizima ukutani na kuuliza sasa bibi unataka nini.

Bibi akafikiri kidogo, akasema pazia. Nesi akalivuta pazia. Bibi akamwambia siyo hivyo, lirudi kidogo, na nesi akalirudisha, na wawili wale wakaanza kuvutana kuhusu pazia huku bibi uso umemchangamka.

Hapo simu ya Kitinda ikatoa mlio mfupi mfukoni. Akatoka mpaka koridoni, kwenye lile benchi la Ijumaa, akaifungua. Dada alikuwa ameisoma ile meseji ndefu, yote, na alikuwa amejibu.

Dole gumba.

Kitinda aliijua maana yake barabara, maana ni yeye aliyemfundisha. Ameonekana, ila hakuna anayekuja. Aliketi, akapiga simu. Ikaita, ikaita, kisha ikakatwa kutoka upande wa pili.

Akabonyeza tena.